Yai Lenye Mwiba Ubavuni

Hakuja na damu kwenye mkojo.
Laiti angekuja nayo, hata mhudumu wa zahanati ya Kayenze
angemtajia ugonjwa wake kabla hajaketi.
Alikuja na miguu
iliyolala kitandani kama ya mtu mwingine:
Kwandu Lushinge, miaka thelathini na mmoja,
mwanikaji dagaa.

Hayo niliyasoma kwenye fomu. Yeye sikumwona.
Sisi wa maabara hatuoni watu,
tunaletewa vikopo vyao, matone yao,
majina yaliyoandikwa kwa kalamu inayofutwa na unyevu wa friji.

Nesi Bugumba ndiye aliyenisimulia,
saa tisa usiku, chai ya rangi mkononi.
Jumatatu kiuno kilimvuta, akalilaumu beseni.
Jumanne akajihisi anakanyaga sufi.
Jumatano aliinama kugeuza dagaa juani
akabaki pale pale juu ya nyavu,
mkojo umekataa kutoka,
korongo wanasogea, wanakula mbele ya macho yake.

"Kifua kikuu cha uti wa mgongo," alisema Daktari Mutalemwa,
na hakukosea kusema, mara nyingi ndicho.
Picha ikarudi: pingili zimekaa jiwe juu ya jiwe,
kama vilima vyetu hivi
vinavyotishia kuanguka kila siku na haviangukii mtu.
Virusi, hakuna. Kaswende, hakuna.
Wakaandika: sababu haijulikani.

Choo cha kwanza nilipima mwenyewe. Hakuna.
Cha pili, hakuna.
Cha tatu nilikuwa nimeshavua glavu moja.
Nikasogeza kioo taratibu,
kama mtu anayetafuta hereni kwenye mchele,
nikaliona. Moja tu.
Rangi ya asali, na mwiba ubavuni.

Kichocho.
Kile kile cha watoto wa shule,
cha vidonge vinavyogawiwa kwa kupimwa kimo kwa fimbo.
Mayai yalipotea njia, yakapanda na mshipa,
yakatua kwenye uti
na mwili ukavimba kuyazingira.

Asubuhi, ukumbini, profesa alisema, "Kesi nadra sana,"
simu zikainuliwa kuipiga picha slaidi yangu.
Nadra.
Nilishuka mlima na neno hilo mdomoni kama kokwa.
Kule chini wanawake walikuwa majini hadi mapajani, wakisuuza nyavu,
mtoto amebeba ndoo kubwa kuliko kifua chake.

Ndipo nikamkumbuka Mabula Ng'hwele, mchimba mchanga,
mwaka juzi, wodi ile ile, miguu ile ile.
Walimvisha mkanda wa kiuno,
wakampa vidonge vya kifua kikuu vya mwaka mzima,
kaka yake akambeba mgongoni hadi kivukoni.
Choo chake kililetwa mara moja.
Nikatazama mara moja.
Ilikuwa Ijumaa, foleni ya vikopo imefika mlangoni.
Niliandika "hakuna"
na muhuri haukusita.

Siku ya kumi na nane nilipanda wodini,
nikajidai nimefuata kikopo.
Kwandu ameketi, mpira wa mkojo bado unaning'inia,
anamfokea mdogo wake kwa Kisukuma
kwa sababu ya dagaa waliouzwa kabla hawajakauka.
"Wewe wa kikopo," akaniita, "hebu tazama."
Akafunua shuka.
Kidole gumba cha mguu wa kushoto kiliinuka, kikatetemeka, kikashuka.
"Cha kulia bado kina kiburi," akasema,
akarudi kwenye bei za dagaa.

Sikumwambia mimi ni nani.
Mezani nilikuta vikopo arobaini na sita.
Cha juu kabisa jina lilikuwa limefutika nusu,
limebaki "Ng'h",
labda mtu mwingine, ukoo ni mkubwa.
Nikavaa glavu zote mbili.
Nikaanza nacho.